Mkono Kwenye Kola

Wapiganaji wawili wanaletwa ukingoni mwa mkeka wakiwa wameshikwa mikono. Mmoja kavaa suti nyeupe, mwingine ya bluu. Kwenye mikono ya suti zao, upande wa nje, pameshonwa duara jekundu linalomjulisha mwamuzi kwamba mvaaji haoni kabisa. Wanainama kusalimiana. Kisha mwamuzi anawasogeza katikati mpaka wakaribiane, na kila mmoja ananyoosha mikono yake: mmoja unashika mkono wa suti ya mpinzani karibu na kiwiko, wa pili unashika kola. Wanatulia hivyo kidogo, kimya, kama watu wanaosubiri ngoma ianze. Halafu inasikika sauti moja kali ya Kijapani, "Hajime!", yaani anzeni, na mieleka inaanza.

Huko kushikana kabla ya kuanza ndiko kunakoitofautisha judo ya wasioona na judo ya wengine. Katika judo ya kawaida wapinzani huanza wakiwa mbali, na sehemu kubwa ya pambano ni ugomvi wa kushika: mkono unarushwa, unapigwa, unakwepwa, mpaka mmoja apate kola anayoitaka. Macho hufanya kazi nyingi hapo. Wasioona wanaanza wakiwa wameshikana tayari, na wakiachana kabisa katikati ya pambano, mwamuzi anasema "Mate!", wanasimama, wanarudishwa katikati, wanashikana upya. Zaidi ya hapo mambo ni yale yale. Mtupo unaomlaza mtu chali kwa nguvu na kasi unamaliza pambano papo hapo. Kumkandamiza mpinzani mgongo chini kwa sekunde 20 kunalimaliza vilevile. Kabali ni ile ile, na kiwiko kinapindwa vilevile mpaka mtu apige mkeka kusema basi. Muda ni dakika nne. Mtu akiingia ukumbini pambano likiwa limeshaanza, anaweza kukaa dakika nzima bila kujua kwamba hawa wawili hawaonani.

Judo ilianzishwa mwaka 1882 na Kano Jigoro, mwalimu kijana wa Tokyo mwenye umri wa miaka 21, katika chumba kidogo cha hekalu la Eishoji chenye mikeka 12. Alichukua mieleka ya kale ya mashujaa wa Kijapani, akaweka kando mbinu za kuvunja viungo na kuua, akabakiza zile ambazo watu wawili wanaweza kuzifanya kwa nguvu zote jioni na kesho yake wakarudi tena mazoezini. Sisi tunasema mwenye nguvu mpishe. Kano angekubali, kisha angeongeza: mpishe, na anapopita mpige mtama. Mtu akikusukuma, usimsukume. Rudi nyuma pamoja naye, mvute mbali kidogo kuliko alivyokusudia kwenda, na mwili wake utakosa pa kusimama.

Ili kuifanya kazi hiyo ni lazima ujue mwili wa mwenzako unakwenda wapi kabla haujafika. Na habari hiyo haipiti machoni. Inapita kwenye kitambaa.

Suti ya judo ni nzito. Imefumwa kwa nyuzi nene, ina vinundu kama mkeka wa ukindu, na haichaniki hovyo. Anayeishika vizuri hakamati kwa ngumi iliyokazwa muda wote. Vidole vitatu vya nje, cha kati, cha pete na kidogo, ndivyo vinavyobana, huku kidole gumba na cha shahada vikilegea. Mkono uliokazwa wote ni kama mlango uliofungwa, haupitishi kitu. Mkono uliolegea kiasi unasikia. Mpinzani akitaka kunyanyua mguu wa kulia, kwanza lazima ahamishie uzito mguu wa kushoto, na uzito unapohama bega linashuka, kola inavutika upande mmoja, mkono wa suti unalegea. Akivuta pumzi kubwa kabla ya kushambulia, kifua kinasukuma kola. Akizungusha kiuno ili akutupe mgongoni, kitambaa cha kiwikoni kinakimbia kabla mgongo haujageuka. Yote hayo ni mambo ya chini ya nusu sekunde. Mchezaji mzoefu hayafikirii moja moja; mkono wake umeshajibu.

Chukua mfano wa mtama, ule ule ambao watoto wetu hupigana shuleni wakati wa mapumziko. Katika judo mguu wa mpinzani hufagiwa wakati ule tu ambapo uzito unauingia au unautoka, ukiwa umekaribia kugusa mkeka lakini haujakanyaga sawasawa. Ukifagia mapema, unapiga hewa. Ukichelewa, unapiga gogo na unaumia mwenyewe. Wanafunzi wanaoona huinamisha vichwa kuangalia miguu, na kwa kuwa wanasubiri kuiona, wanachelewa. Ndiyo maana katika vilabu vingi mwalimu anapita akiwaambia wainue vichwa, na wapo wanaowafumbisha macho wanafunzi wao kwa makusudi, mazoezi mazima, ili mikono ijifunze kazi yake. Asiyeona anaanzia pale ambapo wenzake wanasukumwa wafike.

Isidhaniwe kwamba ana kipaji cha ajabu. Dhana hiyo ni ya zamani na sinema zimeikuza. Mwaka 1962 Wajapani walitoa filamu ya kwanza ya Zatoichi, kipofu mkandaji anayetembea na upanga ndani ya fimbo, akichezwa na Katsu Shintaro. Ilifuatiwa na nyingine nyingi, na wengi waliokulia kwenye vibanda vya video huku kwetu wanamjua mzee kipofu wa kwenye picha za mapigano, anayesikia mshale unavyokuja na kuudaka. Picha hizo zinapendeza, lakini zimeacha dhara lake. Zinamfundisha mtazamaji kwamba asiyeona ama ni wa kuhurumiwa ama ni mtu wa miujiza, na katikati hapana nafasi ya mtu wa kawaida anayefanya mazoezi mara nne kwa wiki, anayeshindwa, anayeteguka bega, anayerudi.

Sayansi inaeleza jambo hili bila miujiza. Mwaka 1996 watafiti waliwapima watu waliopoteza kuona mapema maishani wakiwa wanasoma maandishi ya nukta nundu kwa vidole, wakakuta kwamba sehemu ya nyuma ya ubongo, ile ambayo kwa wengine hushughulika na kuona, ilikuwa inafanya kazi. Ubongo haukuiacha sehemu hiyo ilale. Uliigawia kazi ya vidole. Lakini nukta nundu hazisomeki bila miaka ya kuzisoma, na kola ya judo ni hivyo hivyo.

Ugumu upo, na uko mahali ambapo wengi hawautarajii: katika kufundishwa. Mtoto anayeona, kabla hajajaribu mtupo fulani, ameshautazama mara mia. Ameona mguu unaingia wapi, kiuno kinageuka vipi, anayetupwa anaruka namna gani. Asiyeona hana akiba hiyo. Mwalimu aliyezoea kusimama mbele na kusema "fanya hivi" anagundua kwamba neno "hivi" halina maana yoyote. Inabidi aseme: mguu wako wa kulia uuweke mbele ya mguu wake wa kulia, vidole vikiangalia upande uliko mgongo wako, kunja magoti kidogo, sasa vuta kiwiko chake kana kwamba unatazama saa mkononi. Maneno yakiisha, anauazima mwili wake. Mwanafunzi anaweka kiganja kwenye nyonga ya mwalimu, mwalimu anazunguka taratibu, mkono unafuata. Anagusa goti, anagusa kisigino. Halafu mwalimu anamtupa polepole ili ausikie mtupo kwa upande wa anayeanguka, na mwisho mwanafunzi anamtupa mwalimu.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, kuna somo la kwanza, na mtu anaweza kutamani lifundishwe katika kila shule ya wasioona hata kama hakuna atakayeshindana kamwe. Ni somo la kuanguka.

Linaanzia chini kabisa, mwanafunzi akiwa amekaa sakafuni kwenye mkeka. Anaambiwa aweke kidevu kifuani mpaka kiguse kola, akunje mgongo uwe kama tumbo la dau, aviringike kinyumenyume, na mabega yanapokaribia kugusa, apige mkeka kwa mikono yote miwili, viganja chini, mikono ikiwa imetanuka kiasi kutoka mbavuni. Paa! Anarudia. Kisha anafanya akiwa amechuchumaa, halafu akiwa amesimama, halafu kwa ubavu, halafu kwa kuviringika mbele begani. Siku za mwanzo kinachosikika ukumbini ni mlio huo tu. Kila kitu ndani yake kina sababu. Kidevu kifuani kinazuia kisogo kisigonge chini. Mgongo uliokunjwa unalitandaza pigo badala ya kuliacha litue mahali pamoja. Na kupiga mkeka kunaizuia mikono isifanye kile ambacho mikono ya kila mwanadamu inataka kufanya anapoanguka: kujinyoosha na kuegemea kiganja, jambo ambalo limevunja vifundo vingi vya mikono duniani.

Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura hahitaji kuelezwa kwa nini hili ni muhimu kwa mtu atembeaye na fimbo nyeupe. Mitaro haina vifuniko. Bodaboda zimeegeshwa juu ya njia ya waenda kwa miguu. Mwenye duka kaweka ngazi ya zege inayochomoza barabarani, na jana haikuwapo. Asiyeona ataanguka, swali ni ataangukaje. Hofu ya kuanguka huleta madhara hata siku ambayo mtu haanguki: mwili unakakamaa, hatua zinakuwa fupi, kichwa kinarudi nyuma kana kwamba kinasubiri ukuta. Mtu aliyeanguka mara elfu moja kwenye mkeka, kwa hiari yake, huku akicheka na wenzake, anaijua ardhi. Anatembea tofauti. Medali zinapigwa picha na kuandikwa magazetini, lakini faida kubwa ya judo kwa asiyeona huenda ni hii isiyopigwa picha na mtu.

Medali zenyewe zilichelewa kuja. Judo iliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1964 jijini Tokyo. Wasioona walisubiri hadi 1988, Seoul, ilipowekwa katika Michezo ya Paralimpiki, kwa wanaume tu. Wanawake walisubiri miaka mingine 16, mpaka Athens 2004.

Jina kubwa kuliko yote katika mchezo huu ni la Mbrazili, Antônio Tenório da Silva. Alizaliwa mwaka 1970 huko São Bernardo do Campo, mji wa viwanda karibu na São Paulo, na alianza judo akiwa mtoto anayeona. Akiwa na miaka 13, katika mchezo wa manati na watoto wenzake, mbegu ya mbarika ilimpiga jicho la kushoto, likapotea. Alipofika miaka 19, maambukizi yaliliondoa la kulia. Hakuhama mchezo. Mwaka 1996 huko Atlanta alitwaa dhahabu. Akaitwaa tena Sydney 2000, tena Athens 2004, tena Beijing 2008, mara nne mfululizo, huku akipanda kutoka uzito mmoja kwenda mwingine jinsi umri ulivyokwenda. London 2012 alipata shaba. Kisha michezo ikaja nyumbani kwake, Rio 2016, na akiwa na miaka 45 akafika fainali, akashindwa na Mkorea Choi Gwang-geun, akavaa fedha mbele ya watu wake. Miaka mitano baadaye, baada ya kulazwa hospitalini kwa UVIKO-19, alikwenda Tokyo akiwa na umri wa miaka 50.

Dhahabu zake zote nne zina uzito zaidi ya unaoonekana kwenye jedwali. Wakati huo wasioona kabisa na wenye uoni hafifu walipangwa pamoja, wakitenganishwa kwa kilo tu. Hoja ilikuwa kwamba wote wanaanza wameshikana, kwa hiyo macho hayana kazi. Ilikuwa hoja nzuri mezani, lakini mkekani haikuwa hivyo. Mwenye uoni hafifu anaweza kuona kivuli cha nyonga inayogeuka, anaona rangi ya mpaka wa mkeka, na tangu utotoni ameweza kuegemea karibu na kuona mtupo unavyofanywa. Watafiti walipoyachambua matokeo ya mashindano makubwa, walikuta wasioona kabisa wanashinda mara chache kuliko wenzao. Tenório aliwatupa wa makundi yote mawili, lakini sheria haipaswi kutungwa kwa kumtazama mtu mmoja wa aina yake. Kuanzia 2022 wametenganishwa: daraja la J1 ni la wasioona kabisa au karibu kabisa, J2 ni la wenye uoni hafifu. Ili nafasi zitoshe, uzito ulipunguzwa ukabaki wa aina nne kwa wanaume na nne kwa wanawake, na Paris 2024 zikashindaniwa dhahabu 16. Kwa mtu ambaye haoni hata mwanga, mabadiliko haya yalikuwa haki iliyochelewa.

Afrika imekuwapo kwenye jukwaa la washindi, na aliyeipeleka huko ni Algeria. Beijing 2008 Waalgeria wawili walitwaa dhahabu, Mouloud Noura katika kilo 60 na Sid Ali Lamri katika kilo 66. Lamri alimshinda Fujimoto Satoshi wa Japani, mtu aliyekuwa ameshinda michezo mitatu mfululizo, na alimshinda kwa mchezo uliozaliwa Japani. Tokyo ilipofika, mashindano yakifanyika ndani ya Nippon Budokan, ukumbi uliojengwa kwa ajili ya judo ya 1964, Cherine Abdellaoui alitwaa dhahabu ya wanawake ya kilo 52. Paris 2024 akafuata Abdelkader Bouamer katika kilo 60 za J1. Nchi moja ya bara hili, katika michezo mitatu tofauti, na vijana wa vizazi tofauti. Mfululizo wa namna hiyo hauji kwa bahati. Ni matokeo ya kuwa na walimu, mikeka na vilabu vinavyowapokea wasioona mwaka hadi mwaka.

Katika uzito huo huo wa Bouamer, shaba moja ilikwenda kwa Kapil Parmar, kijana wa Madhya Pradesh, India. Alikuwa mtoto akicheza mashambani kijijini kwao alipogusa pampu ya maji na kupigwa na umeme. Alikaa miezi bila fahamu, na uoni wake ukaharibika taratibu baada ya hapo. Amewahi kuuza chai. Medali yake ilikuwa ya kwanza kwa India katika judo ya Paralimpiki. Si ajabu ametoka jimbo hilo. Katika miaka ya 2010 vijana wasioona wa Madhya Pradesh, wengi wao wasichana wa vijijini, walianza kufundishwa judo kwa lengo ambalo halikuwa medali: waweze kujikinga. Msichana asiyeona hushikwa mkono na watu asiowajua kila siku, wengine wakiwa na nia njema ya kumvusha barabara, wengine sivyo, na mara nyingi hajui ni yupi mpaka amechelewa.

Hapa inafaa kusema ukweli wote. Judo si ngao ya kila hatari. Mhalifu mwenye kisu au anayepiga ngumi kwa mbali hatakupa kola yake uishike, na mwalimu anayemwahidi asiyeona kwamba baada ya miezi sita hataguswa na mtu anamdanganya. Ila mashambulizi mengi dhidi ya wasioona huanza kwa kushikwa: mkono, bega, mkoba. Mtu akikushika, umbali umekwisha, na umeshajua alipo. Aliyefundishwa anajua namna ya kuchomoa kifundo cha mkono kupitia upande wa kidole gumba cha mshikaji, ambako mshiko ni dhaifu. Anajua kutokuanguka vibaya. Anajua pia kupaza sauti kutoka tumboni, kwa kuwa mkekani sauti haionewi haya.

Upo mfano mwingine wa mtu ambaye hakuhitaji kuambiwa dunia ilivyo. Lynn Manning alikuwa kijana wa Los Angeles aliyetamani kuwa mchoraji. Mwaka 1978, akiwa na miaka 23, mtu asiyemjua alimpiga risasi usoni ndani ya baa huko Hollywood, akapofuka. Kwa mchoraji, hasara hiyo haina mfano. Manning aligeukia maneno akawa mshairi na mwandishi wa michezo ya kuigiza, na aligeukia judo akawa bingwa wa dunia wa wasioona na kuiwakilisha Marekani katika Paralimpiki. Mchezo wake wa jukwaani aliouigiza peke yake unasimulia usiku ule na maisha yaliyofuata. Alifariki mwaka 2015.

Wakenya wana mfano wao katika riadha, na ukiuweka kando ya judo tofauti inajionyesha. Henry Wanyoike alipoteza kuona mwaka 1995, na miaka mitano baadaye akashinda mita 5,000 huko Sydney. Asiyeona akikimbia hufungwa kamba mkononi na mwenzake anayeona, na mwenzake huyo lazima awe na mbio sawa na zake au zaidi. Siku ile kiongozi wake aliishiwa nguvu mbio zikielekea mwisho, na watu waliona jambo la ajabu: asiyeona anamvuta anayeona kwenye mstari. Kupata mkimbiaji wa kukufaa, kumlisha, kumsafirisha, ni gharama iliyowakatisha wengi tamaa. Katika judo hakuna kiongozi. Kamba yako ni mpinzani mwenyewe, na ameshikwa na wewe kama wewe ulivyoshikwa naye.

Je, huku kwetu? Judo si ngeni. Huko Zanzibar imefundishwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, alipoianzisha Shimaoka Tsuyoshi, Mjapani aliyehamia visiwani, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zina vyama vya mchezo huu. Shule za wasioona nazo zipo na ni za siku nyingi: Thika nchini Kenya tangu 1946, Buigiri huko Dodoma, Irente huko Lushoto. Kinachokosekana ni njia fupi kati ya ukumbi wenye mikeka na bweni lenye wanafunzi. Mara nyingi ni umbali wa safari moja ya basi.

Kuna kundi moja ambalo mchezo huu ungelifaa kwa namna ya pekee. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu 1 mwenye ualbino katika kila 1,400, wingi usio wa kawaida duniani. Watu huzungumzia ngozi yao na jua, lakini karibu wote wana uoni hafifu vilevile, kwa sababu upungufu wa rangi mwilini huathiri jinsi jicho linavyoundwa, na miwani hairekebishi yote. Mtoto wa namna hii akiwekwa kwenye soka au riadha anaungua. Akikatazwa, anakaa kivulini akiwasikiliza wenzake. Judo huchezwa ndani, chini ya paa, kwa suti inayofunika mikono na miguu, na hakuna mpira wa kuutafuta kwa macho. Chris Skelley, Mwingereza wa mji wa Hull, ana ualbino. Alianza judo akiwa mtoto, uoni wake ukapungua sana alipokuwa kijana, na mwaka 2021 alisimama Nippon Budokan na dhahabu ya kilo 100 shingoni.

Klabu inayompokea mwanafunzi wa kwanza asiyeona haihitaji kununua chombo chochote kipya. Mwalimu humtembeza ukumbini mara moja, akimgusisha ukuta, mlango, rafu ya viatu, na ukingo wa mkeka pale unapokutana na sakafu ya saruji, ili nyayo ziujue. Wanafunzi wengine wanaambiwa wajitaje majina wanapomkaribia. Anapewa suti, anafundishwa kufunga mkanda kwa kuhesabu mizunguko. Halafu anakaa chini, anaambiwa aweke kidevu kifuani, na mwalimu anauweka mkono wake nyuma ya shingo ya mwanafunzi, mara hii moja tu, kwa ajili ya anguko la kwanza.